Cheti Hakichungi Kondoo

SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA WA VYAMA VYA MSINGI

Shabaha ya somo

Mnunuzi mwenye busara hanunui mbuzi ndani ya gunia. Hutaka gunia lifunguliwe, akamtazama mnyama meno, kwato na macho, ndipo bei ikazungumzwa. Lakini yako mambo ambayo hata gunia likifunguliwa hayaonekani: mama wa mnyama huyo ni nani, baba ni nani, ndugu zake waliugua nini, na ukoo wake umefanya kazi gani. Mambo hayo hukaa katika daftari, na daftari huaminika kadiri ya uaminifu wa watu walioliandika.

Somo hili linaeleza habari za mbwa wa kuchungia kondoo aitwaye Border Collie, ambaye asili yake ni nchi ya vilima iliyo mpakani mwa England na Uskoti. Mbwa huyu anafaa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, thamani yake ilijengwa na wafugaji waliojiunga katika chama, wakaweka daftari moja na kukubali kupimana mbele ya watu. Pili, watu waliompenda mbwa huyo waligawanyika juu ya jambo kubwa, yaani kama mnyama wa mbegu achaguliwe kwa umbo lake au kwa kazi yake. Swali hilo linamhusu pia mwanachama anayechagua dume la ng'ombe, jogoo wa mbegu, au mbuzi wa maziwa.

Mwisho wa somo yapo maswali ambayo katibu anaweza kuyasoma mkutanoni ili wanachama wayajadili.

1. Mbwa huyu na kazi yake

Katika vilima vya Uingereza kondoo huachwa walishe huru juu ya milima, mbali na nyumba. Siku ya kuwakata sufu, kuwaogesha au kuwahesabu, mchungaji hawezi kuwakusanya kwa miguu yake peke yake. Mbwa mmoja aliyefundishwa vizuri humkusanyia kundi zima ilhali yeye amesimama bondeni, akimwongoza kwa sauti au kwa mluzi.

Border Collie hafanyi kazi kwa kubweka wala kwa kuuma. Huenda kimya, akiinamisha kichwa na kunyemelea kama paka, huku amewakazia kondoo macho. Wachungaji huita sifa hiyo "jicho". Kondoo akikazwa na jicho hilo hurudi nyuma na kwenda upande unaotakiwa, bila kutishwa hata akakimbia ovyo na kupoteza uzito au kuharibu mimba. Kwa hiyo mbwa mzuri ni faida kwa mwenye kondoo, na mbwa mbaya ni hasara iwezayo kupimwa kwenye mizani.

Yafaa kutofautisha mbwa wa kuchunga na mbwa wa kulinda. Mbwa wa kuchunga huwasogeza wanyama kwa amri ya mtu. Mbwa wa kulinda hulelewa pamoja na kundi tangu utotoni, akakaa nalo na kuwafukuza wanyama wakali. Aina ya mbwa wakubwa wa Uturuki waitwao Anatolian Shepherd ni ya walinzi. Tangu mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia limekuwa likiwapa wafugaji mbwa hao ili duma wasile mifugo na wafugaji wasiwaue duma. Mbwa wa aina hiyo walijaribiwa pia karibu na Hifadhi ya Ruaha nchini Tanzania. Mtu anayehitaji mlinzi akinunua Border Collie atakuwa amepoteza fedha zake, hata kama mbwa huyo ana cheti cha dhahabu. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanahitaji mbwa wa kubweka fisi anapokaribia boma. Kuswaga kundi ni kazi ya mchungaji mwenyewe na fimbo yake. Basi swali la kwanza la kuchagua ni hili: kazi ni ipi?

2. Mwaka 1873: njia mbili zaanza

Mwaka 1873 mambo mawili yalitokea Uingereza. Mwezi Aprili, mjini London, kilianzishwa chama kiitwacho Kennel Club, ambacho kazi yake ilikuwa kusimamia maonyesho ya mbwa na kuandika nasaba zao. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, huko Bala katika nchi ya Wales, mwenye shamba aitwaye Richard John Lloyd Price aliandaa mashindano ya mbwa wa kondoo, na hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza katika Uingereza. Mshindi alikuwa Mskoti aliyeishi Wales, jina lake Thomson, pamoja na mbwa wake mdogo Tweed.

Hivyo njia mbili zilianza karibu wakati mmoja. Katika njia ya kwanza mwamuzi humtazama mbwa amesimama au akitembea mbele yake, akamlinganisha na maelezo ya aina yake yaliyoandikwa. Katika njia ya pili mwamuzi humtazama mbwa akiwa na kondoo, na hana haja ya kujua kama masikio yake yamesimama au yamelala. Njia zote mbili zina daftari, zina vyeti na zina washindi, lakini hazipimi kitu kimoja.

3. Katibu na daftari

Mwaka 1906 wenye kondoo wa Uskoti na England walikutana katika mji wa Haddington, Uskoti, wakaanzisha International Sheep Dog Society, yaani Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo. Wales walijiunga mwaka 1922. Chama hicho kilianza na wafugaji waliokuwa na shida moja: kila mtu alisifu mbwa wake, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua nani anasema kweli.

Kuanzia mwaka 1915 mpaka 1946 katibu wa chama hicho alikuwa mwanasheria aitwaye James A. Reid. Kwa miaka 31 alishughulikia barua, orodha na nasaba, na yeye ndiye anayetajwa kuwa alilipa jina la Border Collie nguvu katika maandishi ya chama. Mbwa washindi wa miaka hiyo husifiwa pamoja na wenyewe, lakini kama katibu asingalitunza majina ya baba na mama zao, sifa hizo zingalikufa pamoja na mbwa. Kazi ya katibu haipigiwi makofi uwanjani, walakini ndiyo inayobaki.

Mfano mzuri wa daftari hilo ni mbwa aitwaye Old Hemp. Alizaliwa mwaka 1893 huko Northumberland, kwa mfugaji Adam Telfer, akafa mwaka 1901. Baba yake, Roy, alikuwa mpole na mchangamfu, lakini hakuwa na nguvu nyingi za kazi. Mama yake, Meg, alikuwa mwoga kidogo mbele ya watu, ila jicho lake lilikuwa kali mno. Telfer aliona kwamba upungufu wa mmoja ungeweza kusawazishwa na mwenzake. Hemp alitokea kuwa mbwa mkimya mwenye nguvu, na wafugaji wengi walileta majike yao kwake. Alikuwa amekufa miaka 5 kabla ya chama kuanzishwa, lakini aliandikwa katika daftari kwa namba 9, kwa kuwa bila yeye nasaba za waliofuata zisingeeleweka. Leo karibu Border Collie wote wa ulimwengu nasaba zao zinamfikia yeye.

Katika habari hiyo yako mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mfugaji mwerevu hakutafuta mnyama asiye na kasoro, maana hayupo. Alitafuta wawili ambao kasoro zao hazifanani. La pili ni kwamba daftari lisifungwe kwa kiburi. Hata leo chama hicho kinaruhusu mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa aingizwe daftarini kwa sifa za kazi yake, baada ya kuonyesha uwezo wake mbele ya waamuzi na kupimwa afya. Mlango ni mwembamba, lakini uko wazi.

4. Mashindano ya kazi

Mashindano ya mbwa wa kondoo hufanana na siku ya kazi iliyopangwa vizuri. Mchungaji husimama kwenye mti uliochomekwa uwanjani, na kondoo wachache huachwa mita mia kadhaa mbali naye. Katika utaratibu unaotumika sana, kila mwamuzi ana maksi 100, naye hupunguza kwa kila kosa. Maksi hugawanywa hivi:

(a) Kwenda kuwazunguka kondoo kwa mbali bila kuwashtua: maksi 20.
(b) Kuwaanzisha, yaani ile hatua ya kwanza ya kondoo mbele ya mbwa: maksi 10.
(c) Kuwaleta kwa mchungaji katika mstari ulionyooka: maksi 20.
(d) Kuwaswaga mbali na mchungaji na kuwapitisha katika malango: maksi 30.
(e) Kutenga baadhi ya kondoo na wenzao: maksi 10.
(f) Kuwatia zizini: maksi 10.

Mtu asiyezoea atashangaa kwamba hatua ya kuwaanzisha, ambayo haimalizi hata dakika moja, imetengewa maksi 10 sawa na kutia zizini. Wachungaji wanajua sababu. Kondoo humjua mbwa katika sekunde zile za kwanza. Akija kwa pupa, wataogopa mpaka mwisho. Akija kwa woga, watamgeukia na kumpigia miguu. Akija kwa utulivu na uthabiti, watamfuata njia nzima.

Fainali ya mashindano makuu ya kimataifa ni ngumu zaidi. Mbwa huleta makundi mawili ya kondoo 10 kila moja kutoka sehemu mbili mbalimbali. Inambidi aliache kundi la kwanza, ageuke nyuma na kutafuta kundi la pili ambalo pengine halioni, akiamini mluzi wa mwenyewe tu. Kisha katika kondoo wale 20 hutengwa 15, wakabaki 5 waliofungwa ukanda shingoni, na hao ndio hutiwa zizini. Zoezi hili hupima utii, akili na pumzi kwa pamoja, na hakuna mtu awezaye kulidanganya kwa kumchana mbwa nywele.

5. Maonyesho ya umbo na ugomvi wake

Kwa muda mrefu wafugaji hawakuwa na maelezo ya sura ya Border Collie. Mbwa aweza kuwa na manyoya marefu au mafupi, mweusi na mweupe, mwekundu au wa rangi tatu. Mwaka 1976 Kennel Club ilimkubali rasmi kuwa aina ya maonyesho, na maelezo ya umbo yakawekwa: dume, mathalani, inapendekezwa awe na kimo cha sentimita 53, na jike apungue kidogo.

Maonyesho yana manufaa yake, wala si haki kuyadharau. Mwamuzi mzuri wa maonyesho hutazama jinsi miguu inavyokaa, jinsi mbwa anavyotembea na kama meno yanakutana sawasawa. Mbwa mwenye miguu mibovu hawezi kupanda kilima. Mwenye mbwa naye hujifunza kumtunza, kumzoesha watu na kumfundisha kusimama kwa utulivu. Kwa familia ya mjini isiyo na kondoo, maonyesho huwakutanisha na wenzao wenye ujuzi.

Hatari ni pale tuzo ya umbo inapogeuka kuwa sababu pekee ya kuzalisha. Jicho, utii na moyo wa kazi havionekani uwanjani pa maonyesho. Sifa isiyopimwa haichaguliwi, na sifa isiyochaguliwa hupungua kizazi baada ya kizazi bila mtu kuona, kama ghala linalovuja usiku. Ndiyo maana huko Uingereza Border Collie aliyeshinda maonyesho hupewa kwanza jina la bingwa wa maonyesho tu. Ili aitwe bingwa kamili humpasa kuonyesha pia kwamba anaweza kufanya kazi na kondoo.

Marekani ugomvi ulikuwa mkali zaidi. Shirika la American Kennel Club lilimwingiza Border Collie katika daftari lake kamili mwaka 1995, ijapokuwa wengi wa wenye mbwa wa kazi walipinga. Chama cha wenye mbwa wa kazi cha huko, American Border Collie Association, kilifikia kuweka kanuni kwamba mbwa anayepata ubingwa wa umbo hufutwa katika daftari lake. Wanaoitetea kanuni hiyo husema kwamba chama hakiwezi kutumikia vipimo viwili. Wanaoipinga husema kwamba mbwa hapotezi akili yake kwa kupewa utepe. Lakini wote wanakubaliana juu ya neno moja: kinachozawadiwa leo ndicho kitakachozaliwa kesho.

6. Dume mmoja asitumike kupita kiasi

Upande wa kazi nao haukukosa makosa. Mwaka 1965 mbwa aitwaye Wiston Cap, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 2, alishinda mashindano makuu ya kimataifa pamoja na mchungaji wake Jock Richardson. Alikuwa mbwa wa ajabu, na sura yake ndiyo iliyowekwa katika nembo ya chama. Wafugaji wakamkimbilia kwa wingi, naye akawa miongoni mwa madume waliotumiwa sana katika historia ya aina hiyo.

Dume mashuhuri huacha sifa zake, lakini huacha pia kasoro zake zilizojificha. Kila kiumbe hurithi chembe moja ya kila sifa kwa baba na nyingine kwa mama. Yapo magonjwa yasiyojitokeza mpaka chembe zote mbili ziwe mbovu. Mbwa mwenye chembe moja mbovu ni mzima kabisa machoni, lakini ni mbebaji. Uzao wa dume mmoja ukijaa nchi nzima, haupiti muda kabla wajukuu wake hawajakutanishwa wao kwa wao, na hapo ugonjwa hutokea mahali pengi kwa pamoja.

Mfano ni kasoro ya macho ya jamii ya Collie, ambayo huzuia sehemu ya nyuma ya jicho kukua vizuri, na kwa baadhi ya mbwa huleta upofu. Hesabu yake ni rahisi, na katibu anaweza kuiandika ubaoni:

(a) Mbebaji akipandishwa na mbebaji, katika watoto 8 hutazamiwa kwa wastani 2 wagonjwa, 4 wabebaji na 2 safi.
(b) Mbebaji akipandishwa na aliye safi, hapatikani mgonjwa. Nusu ya watoto kwa wastani watakuwa wabebaji.
(c) Safi akipandishwa na safi, watoto wote ni safi.

Tangu mwaka 2005 kipimo cha DNA cha kasoro hiyo kimepatikana, na mfugaji anaweza kumjua mbebaji kabla hajamzalisha. Haifai, hata hivyo, kuwatupa wabebaji wote mara moja, maana pamoja nao zitatupwa sifa nyingi njema na ukoo utakuwa mwembamba. Njia ya busara ni kumtumia mbebaji mwenye kazi nzuri kwa mwenzi aliye safi tu, kisha kuwapima watoto.

Chama cha mbwa wa kondoo kilionyesha mapema nguvu ya kufanya jambo kwa umoja. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba mbwa wengi walikuwa na ugonjwa mwingine wa macho, ambao humpofusha mbwa polepole akiwa amekwisha kua. Chama kikaanza kupima macho ya mbwa katika mashindano yake na kuweka masharti kwa wenye mbwa, na ugonjwa huo ukapungua sana. Mfugaji mmoja asingaliweza. Daftari la pamoja liliweza.

Rangi nayo isimdanganye mtu. Mbwa wa madoa ya kijivu, yenye mabaka kama marumaru, hupendwa sana. Lakini wawili wa rangi hiyo wakipandishwa pamoja, robo ya watoto kwa wastani hurithi rangi hiyo pande zote mbili, na wengi wa hao huzaliwa viziwi, vipofu, au vyote viwili. Anayewapandisha kwa kutafuta bei, huku akijua jambo hilo, huuza masikio na macho ya mnyama asiye na sauti.

7. Namna ya kuchagua

Bei ya mbwa aliyefundishwa si ndogo. Mwaka 2021 jike aitwaye Kim, ambaye hakuwa hata na umri wa mwaka 1, aliuzwa katika mnada wa Wales kwa zaidi ya pauni 27,000. Wengi huuzwa kwa bei ya chini kuliko hiyo, lakini hata mtoto wa mbwa ni mzigo wa miaka 12 mpaka 15. Kwa hiyo mnunuzi na afuate utaratibu huu:

Kwanza, ajiulize kama ana kazi ya kumpa. Border Collie amezaliwa kwa kutembea na kufikiri siku nzima. Akifungwa uani bila kazi, hujitafutia yake mwenyewe: huwafukuza kuku, baiskeli na watoto wanaokimbia, au huzunguka mahali pamoja kutwa kucha. Huo si ubaya wa mbwa. Ni kosa la aliyechagua.

Pili, aombe kuwaona wazazi, hasa mama, wakiwa kazini. Muuzaji anayesema mama yuko mbali leo, na kesho tena yuko mbali, ana jambo analolificha.

Tatu, asome cheti pamoja na matokeo ya vipimo. Cheti cha nasaba kinathibitisha jina la baba na la mama. Hakithibitishi kwamba mbwa ni mzima, wala kwamba atafanya kazi. Majina yaleyale yakionekana mara nyingi pande zote mbili za nasaba, na aulize sababu.

Nne, macho ya watoto yapimwe na mganga wa mifugo mwenye ujuzi huo wakiwa na umri wa wiki 6 mpaka 8, kwa kuwa dalili nyingine za kasoro ya macho hufunikwa baadaye na mbwa akaonekana mzima.

Tano, asimchukue mtoto kabla hajatimiza wiki 8, wala asinunue kwa huruma ya siku moja mtoto anayejificha pembeni akitetemeka, wala kwa fahari yule anayewaonea wenzake. Aliye katikati, mdadisi na mtulivu, aghalabu humfaa mwenye mbwa wa mara ya kwanza.

Sita, makubaliano yaandikwe. Yaonyeshe bei, vipimo vilivyofanywa, na kama muuzaji atampokea tena mbwa endapo mambo hayakwenda sawa. Mfugaji mwaminifu hukubali kumrudisha mbwa wake wakati wowote, kwa kuwa jina lake limo daftarini.

8. Wajibu baada ya kununua

Kumiliki mbwa ni kukubali wajibu kwa majirani pia. Mambo mawili hayana budi kukumbukwa na kila mwenye mbwa katika Afrika Mashariki, awe na mbwa wa nasaba au wa kawaida.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno. Chanjo ya mbwa ndiyo ngao, nayo irudiwe kama mganga wa mifugo anavyoagiza na tarehe yake iandikwe.

La pili ni tegu mdogo anayekaa tumboni mwa mbwa. Mbwa humpata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa akiwa na vifuko vyenye maji. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mbwa, na mtu akiyameza kwa mikono au maji machafu, vifuko hivyo humea ndani ya mwili wake, katika ini au mapafu, vikakua kwa miaka mingi. Wilaya za Turkana nchini Kenya zimewahi kuhesabiwa miongoni mwa mahali palipoathirika kuliko pote duniani. Kinga yake si ya gharama kubwa: matumbo mabichi yasitupiwe mbwa, bali yachomwe, yazikwe chini sana au yachemshwe, mbwa wapewe dawa ya tegu kwa ratiba, na watoto wanawe mikono. New Zealand, nchi ya kondoo wengi na mbwa wengi wa kuchunga, ilifuata njia hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2002 ilijitangaza kwa masharti kuwa imeuondoa ugonjwa huo.

9. Funzo kwa chama

Cheti cha mbwa ni karatasi. Kilichokipa thamani ni watu waliokubali mambo matatu: kuandika ukweli hata unapowapunguzia bei, kupimwa mbele ya wenzao, na kurekebisha kanuni zao kosa lilipodhihirika. Chama chenye dume la ng'ombe la pamoja kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la shilingi chache: namba ya dume, namba ya jike, siku ya kupanda, siku ya kuzaa, hali ya ndama, na maziwa ya mama. Ndama mlemavu aandikwe kama anavyoandikwa ndama bora. Daftari linaloandika ushindi tu ni tangazo la biashara, na mwanachama atakayelitegemea atakuwa amenunua mbuzi katika gunia lililoshonwa vizuri.

Maswali ya kujadili

1. Je, chama kinajua baba wa ndama waliozaliwa mwaka uliopita? Nani ana jukumu la kuandika?
2. Katika maonyesho ya mifugo ya wilaya, zawadi hutolewa kwa umbo au kwa mazao? Wanachama wanapendekeza nini?
3. Dume la pamoja limetumika kwa miaka mingapi? Mabinti zake wamefikia umri wa kupandwa?
4. Mwanachama aliyepata ndama mlemavu anaogopa nini hata asitoe taarifa? Chama kifanye nini ili asiogope?
5. Mbwa wangapi wa wanachama wamechanjwa, na tarehe zao zimeandikwa wapi?